Mti Huliwa Miguuni

Fumba ya utoto wangu, huku Unguja, ilinuka sifa, yale mafuta yanayotolewa katika maini ya papa. Wavuvi waliyapaka kwenye ngalawa zao. Babu yangu aliomba yaliyobaki chini ya debe akaja kupaka nguzo za nyumba, nami nikirudi chuoni na msahafu kwapani nilijua tangu mbali kwamba leo Babu anajenga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyumba zetu nyingi zilikuwa za miti kwanza, mawe na udongo baadaye. Nguzo zilisimamishwa, mtambaapanya ukalazwa juu yake, makombamoyo yakapanda mpaka kwenye mwamba, pau zikafungwa kwa kamba za usumba, ndipo yakaja makuti. Kuta zilifungwa fito, kisha watu wakakandika. Udongo ukibanduka unakandikwa tena kwa siku moja, lakini nguzo ikioza nyumba nzima huinama. Kwa hiyo hesabu zote za Babu zilikuwa kwenye mti.

Hakununua mti kabla ya kuuliza umetoka wapi. Miti aliyoipenda, mikoko, ilikuja kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji, ikashushwa bandari ya Malindi na kuuzwa kwa korija, yaani miti 20 kwa pamoja, kila unene na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Aliniingiza siku moja katika nyumba ya jamaa yetu Mji Mkongwe, akaninyooshea kidole darini. Zile boriti zilizobeba mawe na chokaa ni mikoko ile ile. Chumba kilikuwa kirefu lakini chembamba, kama mita tatu tu, kwa kuwa upana wa chumba huishia pale boriti inapoishia. Oman na nchi za Ghuba nako vyumba vingi vya kale vilipimwa hivyo hivyo, maana kwa karne nyingi majahazi yaliyoteremka na kaskazi yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni miti ya pwani yetu.

Mti ukifika Fumba haukujengewa papo hapo. Ulipelekwa pwani. Wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana, tuliibeba miti mabegani tukailaza kwenye tope, karibu na pale kina mama walipofukia makumbi yao, kisha tukaikandamiza kwa mawe. Ilikaa huko mwezi na zaidi, maji yakija na kuondoka.

"Babu, mbona unaurowesha mti unaotaka ukauke?" nilimuuliza.

"Mjukuu wangu, mti huu bado una chakula ndani. Tunakitoa kabla mlaji hajabisha hodi."

Nilikuja kuelewa ukubwani. Utomvu wa mti una sukari na wanga, na wanga ndio unaowaita bungu, wale wadudu wanaotoboa mti na kuacha unga laini sakafuni. Maji ya bahari huuosha ule wanga. Miti ikitolewa majini, Babu aliibambua magome, akaikausha kivulini polepole isipasuke, akababua miguu ya nguzo kwa moto wa makuti, akapaka sifa, akaisimamisha juu ya jiwe. Kichwani alihakikisha makuti yanateremka vya kutosha mvua isiguse. "Mti huliwa miguuni na kichwani," alikuwa akisema. "Tumbo lake halina adui."

Mwaka 1987 Tanzania Bara ilipiga marufuku ukataji wa mikoko. Babu alinung'unika, nami nilinung'unika naye. Sasa nasema ilikuwa haki. Mikoko hushika ufuo usiliwe na mawimbi, na katikati ya mizizi yake ndimo wanamokulia kamba na samaki tunaowategemea. Mwaka 1997 ghuba yetu ya Menai nayo ikawa hifadhi. Huwezi kuipenda nyumba yako ukaibomoa pwani inayoilinda.

Miti ikaanza kuja kutoka upande mwingine: paini na mikaratusi ya mashamba ya Bara, kama yale ya Sao Hill huko Mafinga. Paini hukua upesi, na bila dawa mchwa humaliza kazi upesi vilevile. Dawa iliyoenea ni ya shaba, kromiamu na aseniki. Mti uliokaushwa huingizwa ndani ya pipa kubwa la chuma, hewa ikavutwa nje, kisha dawa ikasukumwa ndani kwa nguvu. Shaba huzuia kuvu, aseniki huua wadudu, kromiamu huvifunga vyote kwenye mti visisombwe na mvua. Mti hutoka na rangi ya kijani. Vipande vyake havifai kupikia, kwani sumu hubaki katika moshi na majivu.

Nilipojenga banda katika kiwanja cha Babu, niliiamini ile rangi ya kijani kuliko nilivyomwamini yeye. Nguzo zilikuwa ndefu. Nikazikata miguu kwa msumeno, nikazichimbia. Baada ya masika machache moja ikalegea. Nilipoing'oa, ganda la nje lilikuwa zima, kijani bado, na katikati mlikuwa tupu. Dawa huingia katika nyama ya nje ya mti. Moyo hauipokei sawasawa. Nami kwa mkono wangu niliukata mlango na kumfungulia mchwa.

Banda la pili tulilijenga na fundi kijana wa hapo Fumba. Alipochukua msumeno nilimwomba ageuze nguzo: tukate kichwani, tupake dawa pale tulipokata, na mguu uliotoka kiwandani ukae chini kama ulivyo, juu ya jiwe. Aliniuliza nimejifunza wapi. Nikamwonyesha pwani, pale tulipokuwa tukilaza miti, nikamwambia maneno ya Babu jinsi alivyoyasema.