Mchele Ulioharibika na Sufuria ya Shirika

Ukitaja Kanisa Katoliki na mambo ya nchi mbele ya Wakongomani, kila mtu ana hadithi yake ya wakubwa. Mmoja atakukumbusha Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyeuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Mwingine atakuambia juu ya maaskofu waliowakalisha wanasiasa mezani mpaka wakatia sahihi makubaliano ya tarehe 31 Desemba 2016. Au atakuambia juu ya walei walioandamana Kinshasa mwaka mmoja baadaye na rozari mikononi, wakakutana na mabomu ya machozi na risasi. Hadithi hizo ni za kweli na tuzishike. Lakini mimi ni mama wa jikoni, na ninayowasimulia watoto wangu ni hadithi ya kijana wa Goma aliyekufa kwa sababu ya chakula kibovu.

Jina lake ni Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mwaka 1981, akasoma sheria, akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Aliyeishi Goma anaelewa kazi hiyo ina maana gani. Mji wetu umeegemea mpaka wa Rwanda. Pale Petite Barrière tangu asubuhi wanawake wanapita na mizigo kichwani, nyanya, viazi, unga, na malori nayo yana njia yao. Kati ya lori na soko anakaa mtu mwenye kalamu na muhuri. Akisema ndiyo, kesho chakula kiko Birere kinapimwa kwa kopo, na mama ananunua bila kujua kimetoka wapi na kimekaa siku ngapi.

Floribert alikataa kupitisha chakula kilichoharibika, mchele ukiwemo. Wakamletea pesa, akakataa. Wakamsukuma kwa njia nyingine, akakataa. Mwezi wa Julai 2007 wakamteka, wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri kule Roma, kama mfiadini. Siku hiyo Goma ilikuwa mikononi mwa M23 tangu Januari, na sisi wengine tulikuwa tayari huku Nakivale, tukitafuta mahali pa kufunga turubai.

Kuna jambo katika habari yake ambalo nimelifikiria sana nikiwa mbele ya jiko. Hakuuawa akihubiri. Hakuna aliyemwambia amkane Yezu. Walichotaka kwake ni sahihi tu kwenye karatasi, na Kanisa limesema kuinyima ile sahihi kulikuwa ni imani. Floribert alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, na muda wake mwingi aliutumia na watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo. Nafikiri mtu aliyekula na maibobo hawezi kuuangalia mchele kama hesabu ya magunia. Anaona ni kinywa cha nani utaingia.

Basi niwasimulie ya shirika letu. Kwetu Kivu tunasema shirika, ndugu zetu wa Tanzania wanasema jumuiya ndogo ndogo. Ni zile nyumba kumi na kitu zinazokutana kila juma kusoma Injili na kujua nani anaumwa, nani amejifungua, nani amefiwa. Mimi ni mwekahazina wa shirika letu. Msimu uliopita tulichanga feza tukanunua magunia mawili ya mahindi. Mpango ulikuwa kusaga kidogo kidogo, kuuza unga, na faida iingie katika sufuria ya wagonjwa.

Mvua ikaja na upepo, turubai la nyumba tulikohifadhi likapasuka usiku. Tulipofungua magunia baada ya siku nyingi, mahindi yalikuwa na rangi ya kijani na harufu ya udongo mubaya.

Tulikaa kikao. Mama mmoja akasema, "Tuchanganye na mazuri, tupeleke mashini. Yakishasagwa, rangi haionekane." Mwingine akaongeza, "Tuuzie bale bapya banafika juzi, habajue bei wala habajue unga wa hapa." Musiwahukumu haraka. Mmoja wao alikuwa ameweka katika yale mahindi feza yote aliyopata kwa kufua nguo za watu. Jina lake lilishaondolewa kwenye orodha ya posho. Alipouliza, "Nitarudishiwa na nani?" hakuna aliyekuwa na jibu.

Kisha bibi mmoja, mzee kuliko sisi wote, akauliza polepole: "Ule bugali, utamupikia mutoto wako?"

Hakuna aliyejibu. Tukachimba shimo refu, tukayafukia yote, hata kuku yasiwafikie.

Kuna kitu ambacho kila jiko linapaswa kukijua. Ukungu wa mahindi unaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi ya namna hiyo, na 125 wakafa. Walikula bugali wa kawaida, kama wetu. Kwa hiyo ukavu wa nafaka ni jambo la kwanza. Anika juu ya turubai safi, sio chini kwenye udongo. Gunia liweke juu ya miti au matofali. Yenye ukungu yatupe, usimpe hata mfugo.

Hasara yetu haikuisha siku ile. Sufuria ya wagonjwa ilikaa majuma matatu bila kuteleka moto. Mama mmoja aliacha shirika, na mpaka leo tukikutana kisimani ananisalimia kwa kichwa tu. Nasema hivyo kwa sababu habari za wenye heri zikisomwa kanisani zinaonekana kama hazina deni. Deni liko. Kule Goma Floribert alilipa la kwake lote. Sisi tumelipa kidogo, na bado linauma.

Sasa tumeanza tena, kwa maharagi. Kila nyumba inaleta kikombe kimoja Ijumaa jioni, mwenye nusu analeta nusu. Tunamwaga juu ya ungo na kuchambua: mawe huku, yaliyotobolewa huku, yaliyooza tunatupa. Tunayaloweka usiku kucha, kwa sababu yaliyolowekwa yanaiva upesi na kuni ni shida. Asubuhi tunamwaga yale maji, tunachemsha mpaka yalainike kabisa, ndipo kitunguu, nyanya ikiwepo, mawese kijiko kimoja kama mtu ametoka sokoni na bahati, na chumvi mwisho. Pembeni bugali, au lenga-lenga kama bustani imekubali. Wakati wa Kwaresma padri anatukumbusha tusile nyama Ijumaa, sisi tunacheka. Hapa huwezi kujua Ijumaa ni ipi kwa kutazama sahani.

Chakula hicho hakina siri yoyote. Lakini mkono unaochambua maharagi ya mgonjwa wa jirani, naona unafanya kazi ileile iliyofanywa mpakani Goma. Unasimama kati ya kitu kibaya na tumbo la mtu asiyekuwepo. Watoto wangu wanachambua pamoja nasi. Sitaki wajue Floribert kwa picha ya ukutani tu, wakati vidole vyao havijui jiwe.

Na ninyi ndugu mnaofanya kazi za msaada, najua wengi wenu mnasoma kijarida hiki. Hamkuchagua ukubwa wa posho, na siwaombi muujiza. Lakini mko na kalamu. Mnapokea gunia, mnatia sahihi, linaingia stoo. Likiwa limelowa, likiwa na ukungu, sahihi yenu ndiyo mlango wa mwisho kabla ya sufuria zetu. Mkilikataa, mtasumbuliwa, ripoti itachelewa, na pengine hata sisi kwenye foleni tutawapigia kelele kwa sababu tuna njaa. Kataeni hata hivyo, na mtuambie sababu kwa lugha tunayosikia. Njaa ikiwa na maelezo inavumilika zaidi kuliko tumbo la mtoto linalouma bila kujua kwa nini.

Shirika letu linachambua kila Ijumaa saa kumi jioni, nyuma ya kanisa. Hatuulizi dini. Anayekuja aje na ungo kama anao, maana tunao miwili tu.