Nane Si Sita

Sisi si wachezaji wa gofu. Fimbo tunazotumia ni za kuazima, na mpira wetu huelekea vichakani mara nyingi kuliko shimoni. Hata hivyo, kila tupatapo Jumamosi ya mapumziko huenda Jinja, nchini Uganda, mji ambao Mto Nile huanzia safari yake kutoka Ziwa Viktoria, ili kumsindikiza uwanjani mzee mmoja rafiki yetu. Mzee huyo alitufundisha ualimu chuoni, naye sasa amestaafu. Hucheza katika ligi ya wazee waliopita umri wa miaka 55. Lakini awapo nasi hucheza kwa kujifurahisha tu, mashimo tisa, na mazungumzo yote kwa Kiswahili. Lugha hiyo aliifundisha tangu zama ambazo wengi wa kwetu waliiona kuwa ni lugha ya kambi za askari, miaka mingi kabla katiba haijarekebishwa mwaka 2005 na kuifanya lugha rasmi ya pili.

Kiwanja cha Jinja kilipata sifa kwa kanuni moja: mpira ukitumbukia katika alama ya unyayo wa kiboko, mchezaji anaruhusiwa kuutoa kwa mkono pasipo adhabu. Wageni huicheka kanuni hiyo. Mzee wetu haicheki. "Gofu," hupenda kusema, "humsamehe mtu yaliyo nje ya uwezo wake, lakini haimsamehe hesabu." Aghalabu hakuna mwamuzi anayemfuata mchezaji. Katika mashindano, mwenzake humwandikia mapigo yake katika kadi, kisha yeye mwenyewe hutia sahihi. Akikabidhi kadi yenye mapigo pungufu ya aliyopiga katika shimo lolote, huondolewa mashindanoni. Yakiwa zaidi, hubaki na mzigo wake.

Jumamosi tunayoisimulia, kadi tulishika sisi. Katika shimo la nne mpira wake uliingia mchangani, akaupiga mara tatu ndipo ukatoka. Tulipomaliza alitamka kwa utulivu, "Sita." Sisi tulikuwa tumehesabu nane. Kijana aliyembebea mfuko alitutazama, kisha akainamisha macho. Tukaandika sita. Katika shimo la tano alisema tano, yalikuwa saba.

Wasomaji wetu wasije wakadhani kwamba mzee alikuwa mdanganyifu. La hasha! Huyu ndiye aliyetuamuru, tukiwa wanafunzi wa ualimu, kusahihisha upya rundo zima la karatasi za mtihani kwa kuwa tulikosea alama mbili za mtoto mmoja. Tuliloliona lilikuwa jambo jingine, nalo lilitutia baridi moyoni.

Tulipopumzika chini ya mwembe, alitusimulia kisa cha Roberto De Vicenzo wa Ajentina. Mwaka 1968, katika mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, siku aliyotimiza miaka 45, De Vicenzo alipiga mara tatu katika shimo la 17. Mwenzake, Tommy Aaron, akamwandikia nne. De Vicenzo akatia sahihi bila kuligundua kosa, na pigo hilo moja lisilokuwapo likamnyima nafasi ya kumenyana tena na Bob Goalby, ambaye kwa haki walikuwa wamelingana. Mzee akaongeza kwamba mwaka 1980 De Vicenzo huyo huyo alishinda mashindano ya kwanza ya wazi ya wazee wa Marekani. Kila mwaka na kila jina aliyataja bila kusita. Yaliyopita zaidi ya miaka hamsini aliyakumbuka yote. Mapigo mawili ya nusu saa iliyopita yalikuwa yamemtoroka.

Tulijiuliza: tunyamaze? Ulikuwa mchezo wa kujifurahisha, na heshima ya mkubwa kwetu ni jambo zito. Lakini Jumamosi iliyofuata angetia sahihi kadi ya ligi mbele ya wenzake, na hapo usahaulifu ungeitwa wizi.

"Mwalimu," tulisema, "utuwie radhi. Shimo la nne mapigo yalikuwa nane, na la tano yalikuwa saba."

Akanyamaza. Akamgeukia kijana; kijana akaitikia kwa kichwa.

"Nawe la nne uliandika ngapi?"

"Sita."

"Kwa nini?"

"Kwa kukuheshimu, Mwalimu."

"Hiyo si heshima. Hizo ni alama za huruma. Nilikufundisha kuzitoa lini?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mke wangu naye ameniambia kwamba ninasahau. Nilimkatalia."

Mashimo manne yaliyosalia tulicheza kwa namna mpya. Kila alipopiga, sote watatu tulitaja hesabu kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza: moja, mbili, tatu. Mwanzoni aliona haya. Kufikia shimo la saba alikuwa akicheka. Mwisho akaichukua kadi, akafuta sita akaandika nane, akafuta tano akaandika saba, ndipo akatia sahihi.

"Ligini nitawaomba wanihesabie hivi hivi," alisema. "Wakikataa, nitakuwa mtazamaji. Na Jumatatu utanisindikiza kwa daktari. Mficha maradhi, kilio humfichua."

Jumatatu tulimsindikiza. Tangu siku hizo, kila tuketipo na rundo la karatasi na kalamu nyekundu, na mkono ukatamani kumwongezea mtoto alama mbili asizostahili, hulisikia swali lile la chini ya mwembe.