Chakula cha Jumapili: Kutoka Rabai Mpaka Maragoli

Wengi wetu tunaofanya kazi za ofisi twaijua Jumapili kwa mambo mawili: ibada ya asubuhi, na chakula cha mchana kinachofuata. Habari za ibada zimeandikwa mara nyingi. Habari za chungu hazijaandikwa sana, ijapokuwa ndizo zinazozungumzwa njiani watu wanaporudi nyumbani kutoka kanisani.

Mwaka huu nilipata likizo ya siku thelathini, nayo ilikuwa ya kwanza tangu baba yangu alipofariki dunia. Mama aliniletea habari kwamba nisikose kufika, kwa maana liko jambo la nyumbani lililobaki. Hakusema ni jambo gani. Kituo changu cha kazi ni Mombasa, na kwetu ni Maragoli katika Kaunti ya Vihiga. Basi mke wangu na watoto walitangulia, nami niliazimia kwenda polepole, nikilala kwa marafiki, na kila Jumapili nitazame kinachopikwa majumbani mwa watu. Mahoteli niliyaacha, kwa kuwa hoteli hupika inachoweza kuuza.

Jumapili ya kwanza nilikuwa Rabai, nyumbani kwa mwenzangu wa ofisini. Mahali hapa ni pa kale katika habari za Wakristo wa Kenya. Mmishenari Krapf na mwenzake Rebmann walianzisha misheni hapa mwaka 1846, na hata leo watu huonyeshwa mabaki ya kazi yao. Lakini siku hiyo mimi nilikwenda kutazama jiko. Nilimkuta mama wa mwenyeji wangu ameketi juu ya mbuzi, akikuna nazi kwa mkono usiochoka, na mjukuu wake anakusanya chicha.

Niliomba kujifunza, naye akanicheka kidogo. "Karani anataka kukuna nazi!" akasema. Hata hivyo alinieleza yote. Nazi iliyokunwa hutiwa maji na kukamuliwa. Tui la kwanza, lililo zito, huwekwa kando; kisha maji hutiwa tena, likapatikana tui jepesi. Mchele huchemshwa kwa tui jepesi na chumvi, na maji yakaribiapo kukauka ndipo tui zito humiminwa. Mwishowe moto hupunguzwa chini, na makaa hupaliwa juu ya kifuniko, ili wali uive kwa joto la pande zote mbili. Mtu akikosea mpango huu, akatia tui zito kwanza, chini huungua na juu hubaki na kiini.

Pamoja na wali tulikula samaki wa kupaka. Samaki huchomwa kwanza juu ya makaa, kisha hupakwa tui lililopikwa na ukwaju, kitunguu saumu na pilipili, naye hugeuzwa na kupakwa tena mara kwa mara. Nilimwuliza yule mama hutia ukwaju kiasi gani. Alinionyesha kiganja chake. Nikatoa kalamu niandike, nikaona kwamba kiganja hakiandikiki.

Yafaa niseme hapa kwamba Pwani Jumapili si siku kuu ya chungu kwa watu wote. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambako wengi ni Waislamu, biriani na pilau huonekana zaidi Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Harufu ya iliki, mdalasini, karafuu na bizari nyembamba hujaza vichochoro, hata mtu aliyekwisha kula hujiona ana njaa. Siku ni nyingine, lakini shauri ni moja: siku ya Mungu ndiyo siku ya kukusanya jamaa.

Kutoka Miritini nilipanda treni ya reli mpya, ambayo ilianza kuchukua abiria mwaka 2017, nikashuka Athi River na kushika njia ya Machakos. Jumapili ya pili ilinikuta kilimani huko, katika nyumba ya rafiki niliyesoma naye shule ya misheni. Nyanya yake, ambaye sote tulimwita Susu kama desturi ya Wakamba ilivyo, alikuwa amepika muthokoi.

Msomaji asiyejua muthokoi asidhani ni mahindi na maharagwe tu. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, hutwangwa katika kinu mpaka ganda la juu litoke, kisha hupepetwa na kuanikwa. Hupikwa kwa saa nyingi pamoja na maharagwe au mbaazi, halafu hukaangwa kwa kitunguu. Siku hizi mashine ziko zinazofanya kazi ya kinu, na Susu hazikatai. Alisema, "Mashine imenirudishia mgongo wangu, lakini haijui wakati wa kuacha. Hutwanga mpaka kiini kinavunjika."

Nilimwuliza kwa nini hakupika wali siku ya Jumapili, maana jirani zake walikuwa wakipika. Alinieleza habari za ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 ukaendelea mpaka 2022, mvua ikikosa msimu baada ya msimu. Mahindi ya shamba lake yalikauka, ila mbaazi zilisimama kupita mimea mingine, kwa kuwa mizizi yake huenda chini sana. "Chakula kilichosimama nami wakati wa njaa," akasema, "sitakificha wageni wanapokuja." Nilitazama sahani yangu kwa macho mengine. Nami nilikumbuka kwa haya jinsi sisi vijana wa shule tulivyokuwa tukiwaomba mama zetu wasipike vyakula vya kienyeji wakati rafiki wa mjini anapotutembelea.

Jumapili ya tatu nilikuwa Nairobi, upande wa Eastlands, katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba. Huko mfalme wa Jumapili ni chapati. Tangu saa tano mchana, ukipita katika ngazi za majumba yale, wasikia vibao vikigongwa na mafuta yakilia juu ya kikaango. Mwenyeji wangu ni fundi wa umeme, na mke wake ni mwalimu. Unga wa ngano alikuwa amekwisha kuukanda kwa maji ya vuguvugu, chumvi na mafuta kidogo, akaufunika ulale kwa nusu saa. Kisha kila donge husukumwa, hupakwa mafuta, huviringishwa kama kamba, hukunjwa kama konokono, na kusukumwa tena. Ndiyo sababu chapati njema huachana tabaka kwa tabaka. Kitoweo kilikuwa ndengu zilizoungwa kwa nyanya na dania.

Chapati hii asili yake ni Bara Hindi. Watu zaidi ya elfu thelathini waliletwa kutoka huko kujenga reli ya Mombasa mpaka Ziwa, kazi iliyoanza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Na wafanya biashara wengi wa Kihindi waliifuata njia hiyo. Reli ilijengwa kwa jasho na vifo vingi. Miongoni mwa vitu vilivyobaki nyuma yake ni kikaango hiki, nacho leo kimo katika nyumba za makabila yote. Mimi nilipokuwa mtoto, chapati tuliziona siku ya Krismasi tu, nasi tulizihesabu.

Katika nyumba hiyo pia zilihesabiwa. Kenya hununua sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nchi za ng'ambo, na vita vilipoanza Ukraine mwezi Februari 2022, bei ya unga ilipanda hata katika maduka madogo ya mitaani. Mwaka huo huo pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipita shilingi 200. Yule mwalimu aliniambia kwamba ndipo alipoanza kukata kila chapati vipande vinne kabla ya kuziweka mezani. "Mtoto akiona vipande vinne, huona ni vingi," akasema, naye alicheka. Lakini niliona ya kwamba yeye mwenyewe aliketi mwisho, akala vipande viwili. Nilipomwuliza kama ameshiba, alijibu kwamba harufu ya kupika humshibisha mpishi. Nimesikia jibu hilo katika nyumba nyingi, wala silisadiki tena.

Kutoka Nairobi nilipanda basi. Bonde la Ufa nilipita haraka, ila Nakuru nilinunua nyanya na vitunguu, na mbele zaidi nikaonja mursik, yaani maziwa ya Wakalenjin yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa majivu ya miti maalumu. Ndiyo yale wanayonyweshwa wakimbiaji wetu wanaporudi na medali kutoka nchi za mbali.

Jumapili ya nne nilikuwa nyumbani. Kanisa letu ni la Marafiki, ambao walianza kazi yao Kaimosi mwaka 1902, na ibada yake haina haraka. Tuliporudi, moshi ulikuwa ukipenya katika paa la jiko la mama, maana bati zake mbili zilikuwa zimeoza. Mama alikuwa amechinja jogoo. Kwetu Jumapili yenye mgeni haiwezi kuitwa Jumapili bila kuku na ugali. Kuku hunyonyolewa, hubabuliwa juu ya moto mpaka ngozi inukie, kisha hukatwa kwa viungo vyake, bila kuvunja mifupa ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe, na mtoto aliyelelewa vema hajichagulii. Kando yake palikuwa na mrenda na kunde, zilizolainishwa kwa maji ya majivu yaliyochujwa, ambayo wazee wetu waliyatumia kama chumvi.

Mboga hizi zilidharauliwa kwa muda mrefu. Kisha jirani zetu Waisukha wa Kakamega, na Wapokot wa mashariki, walishirikiana na wataalamu na shule kuandika habari za vyakula vyao, na mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitia kazi hiyo katika orodha ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Mama hakuwa na habari hiyo. Nilipomweleza, aliuliza kama shirika hilo lina jiko.

Tulipoketi, mama aliniletea sahani. Juu yake, peke yake, ilikuwa firigisi ya kuku. Msomaji wa kwetu atafahamu mara moja. Kwa wengine nieleze kwamba firigisi ni ya mwenye nyumba. Katika maisha yangu yote sikupata kuiona isipokuwa katika sahani ya baba. "Tangu mzee aondoke," mama akasema, "nimechinja kuku mara tatu, na firigisi nimempa paka. Hilo ndilo jambo nililokuitia. Chukua, baba."

Binti yangu, mwenye miaka tisa, aliuliza kwa nini nile mimi tu. Mke wangu alimkazia macho, lakini mama hakukasirika. Alimweleza kwamba zamani mwanamke wa kwetu hakula kuku kabisa. Alimfuga, akamlisha, akampika, akamtazama akiliwa. Mama yake mwenyewe hakuonja kuku mpaka uzeeni. "Wewe utakula paja leo," akamwambia mtoto, "na hakuna atakayekuzuia. Lakini anayekula firigisi ndiye atakayeezeka jiko langu."

Nilikata ile firigisi nikampa mama nusu. Aliirudisha. "Kula," akasema, "halafu kesho upande juu ya paa." Nilikula. Ilikuwa ngumu kidogo, maana jogoo alikuwa mzee, nami niliitafuna kwa muda mrefu huku watu wote wakiwa kimya. Jumatatu asubuhi nilikwenda Mbale kununua bati na misumari, na kufikia jioni moshi ulikuwa unatoka mlangoni tu, kama ipasavyo.

Kabla ya kuondoka nilikaa jikoni siku mbili na daftari. Nilimwomba mama apime kila kitu kwa kikombe kabla ya kukitia chunguni. Alinung'unika, lakini alikubali, na binti yangu ndiye aliyeandika: maji vikombe vinne, unga kiasi gani, majivu kiasi gani. Kiganja cha mama sasa kimo katika daftari la shule, ukurasa wa kumi na moja.

Wasomaji wapendwa, nimeona vyungu vinne, wala sikuona kimoja kilichopikwa bila hesabu. Kila mpishi alikuwa amehesabu watu, fedha, kuni na wakati kabla sisi hatujafungua vitabu vya nyimbo. Kwa hiyo nawaomba wenzangu wenye mishahara na wenye mashamba mambo matatu. Kwanza, fedha ya chakula cha Jumapili itolewe Ijumaa, isingojee mpaka duka limefunguliwa kwa mkopo. Pili, mpishi aketi mezani pamoja na wengine, naye apakuliwe kabla chungu hakijaonekana chini. Tatu, aliye na mama hai aende na daftari.

Likizo yangu imekwisha, nami naandika haya nikiwa Mombasa. Jumapili ijayo mke wangu atapika mrenda, na mwenzangu wa Rabai ameahidi kuja na nazi mbili. Nimekwisha kununua mbuzi yangu mwenyewe.