Magunzi, Vizibo na Usaili wa Darasa la Kwanza

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kuta za chekechea moja ya mtaa wa West Indies, Eldoret, zilitundikwa magunia. Yalikuwa magunia ya nailoni yaliyokwisha kazi shambani, yakafuliwa, yakakatwa, yakapindwa kingo, kisha mwalimu akayaandika kwa rangi ya mafuta: irabu tano, tarakimu moja hadi kumi, jogoo, ng'ombe, matatu ya buluu. Karatasi ya manila ingechanika kabla ya muhula kwisha. Gunia lilistahimili vidole vilivyotoka kwenye uji, na likichafuka lilirudi kwenye beseni.

Msichana aliyejifunzia irabu kwenye magunia hayo sasa ni mwalimu wa PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali, mtaani humohumo. Akisimulia enzi zile haanzi na irabu, huanza na magunzi. Uasin Gishu, ulipo mji wa Eldoret, ni nchi ya mahindi. Baada ya mavuno, magunzi hayana bei, ni kuni tu. Mwalimu wake aliagiza kila mtoto aje nayo machache. Yakapangwa kutoka fupi hadi refu, yakachovywa rangi na kupigwa chapa kwenye magazeti makuukuu, yakafungwa kumi kumi kwa uzi wa katani. Aliyetaka kumi na tatu alichukua fungu moja na magunzi matatu pembeni. Akiambiwa atoe matano, yale matatu hayakutosha, hivyo ilimbidi afungue fungu, na mafundo ya katani hayafunguki kirahisi kwa mkono wa mtoto wa miaka sita. Kuna waliotumia meno. Miaka mingi baadaye, alipokutana na kutoa kwa kukopa ubaoni, yeye hakuona fumbo lolote. Alishawahi kukopa kwa meno yake.

Wazazi wengi leo hudhani mambo haya yaliletwa na mtaala mpya wa umilisi. Sivyo. Mwaka 1971, Taasisi ya Elimu ya Kenya, wakati huo ikijulikana kwa kifupi kama KIE, ilianza mradi wa elimu ya awali kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Kabla ya hapo chekechea nyingi zilikuwa za harambee. Wazazi walijenga chumba, wakamlipa mwalimu walichoweza, na watoto wakaimba na kulala. Kutokana na mradi ule kikazaliwa kituo cha taifa cha elimu ya utotoni, NACECE, mwaka 1984, na matawi yake ya wilaya, DICECE. Walimu waliitwa mafunzoni wakati wa likizo, wakafundishwa kufinyanga, kushona wanasesere wa vitambaa, kukusanya hadithi na vitendawili vya lugha za nyumbani, na kugawa darasa katika kona: ya nyumbani, ya duka, ya vitu vya asili. Magunia ya West Indies yalitokana na elimu hiyo.

Walimu wengine walifuata njia ya Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto mtaani San Lorenzo, Roma, mwaka 1907. Herufi zake hukatwa kwenye msasa na kubandikwa ubaoni, mtoto huifuata kila moja kwa kidole hadi umbo lake limkae mkononi kabla hajashika penseli. Msasa hupatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, na hapa mjini hakuna uhaba wa maduka hayo.

Kilichoua kona si umaskini. Ni usaili.

Kizazi cha wazazi wa mwalimu wa West Indies kilipimwa kwa mkono tu: ukiupitisha juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili, umefika umri wa shule. Kipimo cha ovyo, lakini angalau hakikuhitaji maandalizi. Chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, shule za msingi ziliposhindania alama za KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, walimu wakuu walitaka watoto wanaoingia darasa la kwanza wakiwa tayari wanasoma. Mtoto aliitwa ofisini, akapewa karatasi: andika jina lako, jumlisha, soma sentensi hii. Chekechea zikaitikia. Kona zikaondolewa ili madawati yaenee, na pre-unit, mwaka wa mwisho wa chekechea, ikawa darasa la mtihani. Mwalimu huyu alipoanza kazi, alikuta daftari la mazoezi kwa kila somo na kazi ya nyumbani kwa watoto wa miaka minne. Magunzi yalikuwa yamerudi jikoni.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bure na chekechea ikabaki ya kulipiwa. Baadhi ya wazazi wakaona heri wairuke. Katiba ya 2010 ikaikabidhi elimu ya awali kwa kaunti, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza shule za umma kumtahini mtoto ili kumkubali au kumkataa. Kati ya 2014 na 2018 mradi wa Tayari ulifanya kazi katika kaunti nne, Laikipia, Nairobi, Siaya na Uasin Gishu, ukiwapa walimu miongozo, vitabu na watu wa kuwatembelea darasani. Kisha Januari 2019 mtaala wa umilisi ukaanza nchi nzima, na hata ratiba ikabadilika lugha: si hisabati tena, ni shughuli za hisabati.

Bahati mbaya, shughuli zikapata bei. Saa mbili usiku ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: kesho mtoto aje na plastasini, gundi, manila ya rangi mbili. Kinamama wa mtaani walilalamika, na walikuwa na haki. Mwalimu wa West Indies huagiza takataka safi tu, tena wiki nzima kabla. "Mama, usinunue kitu," humwambia mzazi langoni. "Niletee ulichotaka kutupa."

Kona nazo zimerudi darasani kwake, na duka ndilo lililobadilika kuliko zote. Zamani lilikuwa meza moja, makopo matupu ya mafuta ya Kimbo, mizani ya ufito na vifuniko viwili, na pesa yake vizibo vya soda. Mnunuzi akitoa vitano kwa bidhaa ya vitatu, foleni yote ilihesabu chenji kwa sauti asije akapunjwa. Sasa vizibo ni vya plastiki, vya rangi kila aina, na watoto hawavitaki. Wanataka M-Pesa, pesa ya simu. Mmoja hubonyeza kipande cha katoni na kusema, "Nimetuma." Muuzaji hutazama katoni yake: "Bado haijaingia." Wanagombana vizuri kabisa, lakini hakuna anayehesabu. Ndipo mwalimu akatoa amri: simu hainunui, lazima kwanza utoe pesa kwa wakala. Wakala, mtoto wa miaka minne mwenye kofia ya kijani, humimina vizibo mezani, huvihesabu kimoja kimoja, hukosea, huanza upya, na hubakiza kimoja cha makato.