Eldas: Mtazame twiga kwa mbali, mwache anywe maji

UKITOKA Nairobi kwa barabara ya Thika na Mwingi, lami itakufikisha Garissa baada ya kilomita zipatazo 370. Hapo utavuka daraja la mto Tana na kuacha nyuma nchi ya mahindi na mikunde. Mbele yako ni nchi ya ngamia. Wajir iko zaidi ya kilomita 300 kaskazini, na ukishaipumzikia huko kwa kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia, bado utakuwa na safari nyingine ya kuelekea kaskazini magharibi kabla ya kufika Eldas.

Eldas ni mojawapo ya maeneobunge sita ya Kaunti ya Wajir, na lilimchagua mbunge wake wa kwanza mwaka wa 2013. Wengi wetu tunaoishi mijini tumelisikia jina hilo wakati wa uchaguzi au wakati wa ukame tu. Ni wachache wanaojua kwamba katika vichaka vile vya miiba na laga zile kavu kuna wanyama na ndege ambao msomaji wa Nairobi au Mombasa hawezi kuwaona kwao.

Yupo twiga wa kaskazini, yule ambaye madoa yake ya rangi ya kahawia yametenganishwa na mistari myeupe iliyonyooka kama wavu. Yupo swala twiga, ambaye husimama kwa miguu miwili ya nyuma ili afikie majani ya juu. Hata jina lake la Kiingereza, gerenuk, limetokana na neno la Kisomali, garanuug. Yupo mbuni wa Kisomali, ambaye shingo na mapaja ya dume lake ni ya rangi ya buluu na kijivu, si mekundu kama ya mbuni wa Maasai Mara. Wapo kanga wenye vichwa vitupu kama vya tumbusi na vifua vya buluu inayong'aa, na kwezi wa kifua cha dhahabu.

Hata hivyo, ewe msomaji, usitarajie lango la kulipia kiingilio. Eldas haina mbuga ya taifa. Twiga hula mgunga uleule unaoliwa na ngamia wa mwenyeji, na hunywa kwenye silanga ileile anakonywesha mbuzi wake. Humu hakuna ua kati ya mtalii, mchungaji na mnyama. Kila mmoja anamwona mwenzake, na kila mmoja ana kiu.

MAJI NI UHAI

Ni hapa ambapo suala la darubini linaanza. Wengi hudhani darubini ni pambo la kuning'iniza shingoni. Katika nchi kavu ni chombo cha heshima, kwa kuwa humwezesha mtu kuona bila kusogea.

Mtazame twiga anapotaka kunywa. Kwa sababu ya urefu wa miguu yake hulazimika kuitanua ile ya mbele au kuipinda ndipo kichwa kifike majini. Katika hali hiyo hawezi kukimbia upesi, naye anajua. Kwa hiyo husimama kando, akatazama huku na huku, wakati mwingine kwa muda mrefu. Gari likikaribia, au watoto wakishuka wakipiga kelele, huondoka bila kunywa. Kwetu sisi ni picha iliyotuponyoka. Kwake huenda ikawa ni kutembea tena hadi maji mengine, ikiwa yapo.

Mnamo Desemba 2021, wakati wa ukame mkali, dunia nzima ilionyeshwa picha ya mizoga sita ya twiga katika hifadhi ya jamii ya Sabuli, humuhumu Kaunti ya Wajir. Walikuwa wadhaifu kwa njaa na kiu, wakanasa katika matope ya bwawa lililokaribia kukauka walipokuwa wakitafuta maji. Twiga wa aina hii alikuwa ameorodheshwa tangu 2018 kuwa mnyama aliye hatarini kutoweka duniani.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi wa darubini lisiwe: "Inavuta karibu kiasi gani?" Liwe: "Itaniwezesha kukaa mbali kiasi gani na bado nione vizuri?"

HESABU ZA DARUBINI

Kila darubini ya macho mawili huandikwa tarakimu mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni ukuzaji: mnyama aliye umbali wa mita 400 ataonekana kana kwamba yuko mita 50. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, nao ndio mlango wa mwanga. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza utapata upana wa duara ya mwanga inayoingia katika jicho lako. Darubini ya 8x42 hutoa duara ya milimita 5 na zaidi kidogo. Ya 10x30 hutoa milimita 3 tu.

Mtu atasema, basi na ninunue yenye ukuzaji wa 15 au 20 nikae mbali zaidi. La! Darubini haikuzi mnyama peke yake. Hukuza na mtetemo wa mkono wako. Kwa ukuzaji wa 8, watu wengi huweza kuishika ikatulia. Kwa 10, mkono huanza kujitangaza. Kwa 15, twiga atacheza mbele ya macho yako kama mshumaa kwenye upepo. Na ukitazama ukiwa ndani ya gari, kupumua kwa jirani yako kunatosha kuitikisa picha.

Ndipo wataalamu wakabuni darubini zenye mtambo wa kutuliza picha. Kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilitengeneza yenye ukuzaji wa 20 inayotumia mtambo usiohitaji betri. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Canon ya Japani ikaleta zile zinazotumia betri na ambazo mtu wa kawaida angeweza kuzibeba. Katika aina hiyo ya Canon, ndani yake mna vihisi vinavyopima mtikisiko, na kompyuta ndogo inayoamuru prizimu laini ijipinde kuelekea upande wa pili, mara nyingi kwa sekunde moja. Unabonyeza kitufe, na ile picha iliyokuwa ikicheza inatulia tuli. Utahesabu kope za swala twiga.

Faida yake katika nchi kama Eldas ni kubwa. Upepo huvuma kutwa, miti ya kuegemea ni michache na ina miiba, na usalama wako na utulivu wa mnyama vyote vinadai ukae garini. Mzee ambaye mikono yake imeanza kutetemeka, au mtoto wa miaka kumi asiyeweza kushika kitu kizito kwa muda, ataona kile ambacho hangekiona kwa darubini ya kawaida.

MTAMBO USICHOWEZA

Lakini kila chombo kina mpaka wake, na kaskazini mashariki huonyesha mpaka huo upesi.

Kwanza, mtambo hutuliza mkono, hautulizi hewa. Jua likishapanda, ardhi huchemka na hewa iliyo juu yake huanza kucheza. Yale mazigazi yanayokufanya uone maji pasipo maji ndiyo hayo hayo yanayomfanya mbuni wa mbali aonekane kama anaogelea. Hakuna darubini ya bei yoyote itakayokuondolea jambo hilo. Kadiri ukuzaji unavyozidi, ndivyo mazigazi yanavyozidi kukuzwa. Dawa yake ni kuamka mapema. Tangu kupambazuka hadi yapata saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi na moja jioni, ndio wakati wa kutazama. Katikati ya mchana kaa kivulini kama wenyeji.

Pili, mtambo hauongezi mwanga. Chukua mfano wa firigogo, ndege wa nchi kavu wafananao na njiwa. Firigogo wa tumbo jekundu huja majini kwa makundi asubuhi, jua likiwa limekwisha chomoza. Dume huzamisha manyoya ya tumbo lake majini kama sifongo, kisha huruka mbali kuwapelekea vifaranga wakanywe humo. Huyo utamwona vyema kwa darubini yoyote njema. Lakini firigogo wa Lichtenstein huja kunywa baada ya jua kutua, giza likiingia. Hapo 10x30 yenye mtambo itakupa picha tulivu lakini yenye kiza, ilhali 8x42 ya kawaida, iliyoegemezwa kwenye dirisha la gari, itakuonyesha zaidi.

Tatu, betri huisha. Aina nyingi hubaki kuwa darubini za kawaida betri zikiisha, lakini utakuwa umebeba uzito bure. Chagua inayotumia betri ndogo za kawaida ambazo zinapatikana hata katika duka la mjini Wajir, wala si zile za pekee zinazohitaji kutafutwa Nairobi. Nne, vumbi. Si zote zilizozibwa. Canon ya 10x30, yenye uzito wa gramu 600 hivi, haikuzibwa kuzuia maji. Ya 10x42 imezibwa, lakini uzito wake unazidi kilo moja na bei yake ni kubwa mno. Tano, ndege anayeruka kwa kasi hufuatwa vizuri zaidi kitufe kikiwa kimeachiliwa, kwa maana mtambo unaweza kudhani mwendo wako ni mtikisiko na kuupinga.

UNUNUE IPI?

Kwa familia inayonunua darubini ya kwanza, ushauri wetu ni 8x42 ya kawaida, iliyozibwa dhidi ya maji na vumbi. Huonyesha eneo pana, hivyo mtoto hapotezi muda kumtafuta ndege kichakani, na bei yake haifiki hata nusu ya ile yenye mtambo. Mwenye uwezo wa kununua ya pili, au mwenye mikono isiyotulia, ndipo achague yenye mtambo, ya ukuzaji wa 10 au 12. Zaidi ya hapo mazigazi yatakula pesa zako. Kama unavaa miwani, hakikisha unaweza kuiona duara yote bila kuivua.

Jihadhari na darubini za barabarani zilizoandikwa 30x60 kwa herufi kubwa na vioo vyekundu kama rubi. Rangi hiyo huharibu rangi ya ndege. Nenda na rula. Pima kioo cha mbele. Kisha nyoosha mikono, elekeza darubini kwenye mwanga wa dirisha (kamwe si kwenye jua), na upime ile duara ndogo ya mwanga iliyo kwenye kioo cha jicho. Gawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili. Ikiwa kioo cha mbele ni milimita 30 na duara ni 4, umeshika darubini ya ukuzaji wa saba na nusu, hata iandikwe nini.

Njia bora zaidi ni kujaribu kabla ya kulipa. Matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege jijini Nairobi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka wa 1971, yamewafunza wengi kushika darubini. Wanafunzi na wageni hukutana humo na watu ambao hawaoni uchoyo kumpa mwenzao darubini atazame kidogo.

ADABU YA MACHO

Yapo mambo ambayo muuza darubini hatakueleza. Mkoa wa zamani wa Kaskazini Mashariki uliishi chini ya sheria za hali ya hatari hadi mwaka wa 1991, na hata baada ya hapo wakazi wake wamepata taabu nyingi za usalama. Mgeni anayesimama kando ya barabara akichungulia kwa vioo si jambo dogo kwao. Pata ushauri wa usalama kabla ya safari, kwa sababu hali hubadilika na zipo sehemu ambazo si za kutembelewa ovyo. Safiri na mwenyeji. Piga hodi kwa chifu na polisi, ueleze umekuja kufanya nini. Usielekeze darubini kwenye kambi ya askari, wala kwenye herio za watu, wala kwa kina mama wanaoteka maji. Salimu kwanza, "Asalaam aleikum", kisha mpe mzee naye atazame. Huenda akakuonyesha twiga ambaye wewe ulimpita.

Asiyeweza kufika Eldas aanzie Garissa, ambako hifadhi ya jamii ya Bour-Algi iko karibu na mji na twiga wake wamezoea watu. Huko nako kanuni ni ile ile: zima gari, shuka pale tu unaporuhusiwa, na kaa mbali na maji.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika nchi ya kiu, mwenye macho huambiwa pia mahali pa kusimama. Ukimwona twiga amekunywa, akainua shingo na kuondoka polepole bila kukugeukia, basi ujue darubini yako, iwe na mtambo au isiwe nao, imefanya kazi uliyoinunulia.