Kiwanja cha Kibaha

Baba Mkubwa,

Hapa Leicester jua linazama saa kumi, na watu tunatoka kazini gizani. Ujumbe wako nilioupokea unasema nimtafutie mdogo wangu wa Coventry wakili mkali wa mjini, aende Baraza la Kata akamtoe mjane wa marehemu kaka yake kwenye kile kiwanja cha Kibaha.

Baba, wakili haruhusiwi kumsemea mtu mbele ya Baraza la Kata. Tena tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko wakili atasimama, na huko ataulizwa karatasi.

Karatasi ndiyo shida. Mdogo wangu alinunua akiwa ameshakula kiapo cha uraia wa Uingereza, na wakati huo Sheria ya Ardhi ya 1999 haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ndiyo maana hati ina jina la marehemu kaka yake. Pesa nyingine zilipita benki, nyingine mikononi mwa wasafiri wa likizo. Watanzania wengi ninaowajua huku wana kiwanja cha namna hii, na kila mmoja anakiita "changu". Huku kwa paundi 7 tu mtu yeyote anaona mtandaoni nyumba ya jirani imeandikishwa kwa jina la nani. Ajabu yetu, tukinunua nyumbani tunaridhika na picha ya WhatsApp.

Shemeji simlaumu. Yeye ameijua nyumba iliyo kiwanjani kuwa ya mumewe, na wanawe wamekulia humo. Kama hana fedha ya wakili, mwelekeze kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017; msaada wao ni bure. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo, Baba, usiegemee upande fulani kwa kuwa ndio wenye paundi.

Mdogo wangu nimemwambia akusanye stakabadhi za benki na jumbe zote za marehemu, awe na wakili kabla mirathi haijagawiwa. Huenda akadai fedha zake. Kiwanja chenyewe, sidhani. Amenuna, simu zangu hapokei.

Siku ya kuteua msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo ikipangwa, nijulishe mapema, nimwambie hata kama amenuna.