Mlango wa Chumba cha Bibi Arusi

Msomaji mpenzi, huenda umepita mara elfu katika mlango uliopakwa rangi nyeupe ya kung'aa usiutazame hata mara moja. Sikulaumu. Mlango uliopakwa vyema haumwiti mtu autazame. Ulio na kasoro ndio umwitao. Mimi nami nisingekuwa na habari ya mambo haya lau mama hakunipeleka, katika likizo ya Desemba ya mwaka 1996, kwa mjomba wangu aliyekuwa fundi wa rangi katika Mji wa Kale wa Mombasa, nikamsaidie kazi nipate karo ya muhula uliofuata.

Kazi tuliyoikuta ilikuwa katika nyumba ya ghorofa ya bi mkubwa mmoja aliyekuwa akimwoza binti yake. Milango sita ya ndani, miimo yake na madirisha ya sebuleni, yote yatiwe rangi ya mafuta, na arusi ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili. Mjomba alikubali, akapokea nusu ya fedha, akanunua vifaa.

Siku tatu za kwanza sikuruhusiwa kugusa brashi, jambo ambalo liliniudhi mno. Nalidhani kupaka rangi ni kupaka rangi. La hasha! Tulianza kwa kuosha milango ya zamani kwa maji ya sabuni ili kuondoa mafuta ya mikono, kisha tukaingia katika kulaza msasa. Unajua asili ya jina hilo? Msasa ni mti, na majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Wazee wetu waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya dukani haijafika, nayo ilipofika ikarithi jina. Tulisugua kwa msasa wa kukwaruza kwanza, halafu ule mwororo, siku zote kwa kufuata nyuzi za mti, maana ukikata nyuzi unaacha mistari ambayo rangi ya kung'aa haiifichi bali huitangaza. (Leo ningeongeza onyo ambalo mjomba hakulijua: rangi za zamani aghalabu zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Rangi kuukuu usiyoijua isisuguliwe kavu. Tumia msasa wa maji, na vumbi lisifagiliwe bali lifutwe kwa kitambaa kibichi.)

Milango miwili ilikuwa mipya, ya mbao za saiprasi, yenye vifundo vingi. Kifundo hutoa utomvu, na utomvu hupenya rangi ukaacha doa la manjano hata baada ya miezi. Basi kila kifundo tulikiziba kwa sheleki, ambayo asili yake ni gundi itolewayo na vidudu wadogo wa India na nchi jirani, ikayeyushwa katika spiriti. Ndipo tukapiga mkono wa rangi ya kwanza, na baada ya hapo tu tukajaza puti katika matundu ya misumari. Mbona si kabla? Kwa sababu mti mkavu hunywa mafuta ya puti, nayo ikapasuka na kudondoka. Kisha msasa tena, rangi ya chini isiyong'aa, na msasa tena.

Mjomba alinifundisha kuchuja rangi kwa soksi kuukuu ya kike, kumimina kiasi kidogo katika kopo lingine, na kuchovya thuluthi tu ya nywele za brashi. Mlango wa paneli huanziwa katika paneli zenyewe, zikafuata mbao za kati, kisha za kukingama, na mwisho zile ndefu za pembeni. Rangi hupakwa, husambazwa kwa kukingama, kisha hulazwa kwa ncha ya brashi, polepole, mkono ukiwa mwepesi. Ukisha kulaza, ondoka! Anayerudi kurekebisha penye rangi iliyoanza kushika huacha alama mbaya kuliko kasoro aliyoifuata. Sakafu tuliinyunyizia maji ili vumbi litulie, na dirisha la upande wa upepo tulilifunga, kwa kuwa kaskazi ilikuwa ikivuma.

Sasa nifike penye aibu yangu. Jumatatu ya wiki ya arusi mjomba alitoka kwenda kununua tapentaini, akaniachia mlango wa chumba cha bibi arusi. Mkono wa kwanza wa kung'aa nilikuwa nimeupiga asubuhi ile ile. Agizo lake lilikuwa wazi: usubiri hadi kesho, ulazwe msasa mwororo, ufutwe, ndipo upigwe wa pili. Walakini nilikuwa na miadi ya mpira na vijana wa mtaani. Niligusa rangi kwa kidole, nikaona haishiki, nikapiga mkono wa pili saa kumi jioni, mzito, ili umalize kazi. Mjomba aliporudi akaniuliza, "Mpwa wangu, mlango ule umeuacha ukauke?"

"Naam, mjomba, nimeuacha," nikajibu.

Hakuniuliza tena. Ndilo lililoniuma baadaye.

Yakupasa ujue, msomaji, kwamba rangi ya mafuta haikauki kama nguo kambani. Nguo hupoteza maji, basi. Rangi hupoteza kwanza kile kiyeyushi chake, kisha huanza kuvuta oksijeni ya hewa na kugeuka kuwa ngumu, na kazi hiyo huanzia juu. Ukipiga mkono mzito juu ya mwingine ambao haujakomaa, ngozi hufanyika juu na chini hubaki laini; ngozi ile hutanuka, isipate pa kwenda, ikajikunja.

Jumanne asubuhi mjomba alifungua dirisha, nuru ikaingia kwa ubavu, ikapita juu ya mlango. Kuanzia kitasa hadi chini ulikuwa na mikunjo kama uso wa ajuza. Bi mkubwa alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha kahawa mkononi. Akauliza ni nani aliyefanya kazi ile.

"Ni mimi," mjomba akasema. "Nitaurudia kwa gharama yangu."

Ningalisema kweli palepale; sikusema. Nilisema njiani, adhuhuri, tukienda kula. Akanisikiliza, akatembea hatua nyingi, akaniambia, "Nilijua jana. Rangi mbichi ina harufu yake." Kisha akanunua mahamri mawili akanipa moja.

Tuliing'oa rangi ile kwa kisu kipana, ikitoka kama ukoko wa maziwa, tukafuta mabaki kwa tapentaini, tukaacha ubao upumue hata kesho. Matambara yote tuliyatandaza uani yakauke moja moja, kwa sababu matambara yenye mafuta ya kitani yakirundikwa hupata joto yenyewe hata yakashika moto. Jumatano tukapiga rangi ya chini. Alhamisi alfajiri msasa, kitambaa, na mkono mmoja wa kung'aa, mwembamba, nilioupiga mwenyewe mjomba akiwa ameketi ngazini bila kusema neno. Ijumaa wageni walipita katika mlango ule wakiwa na vigelegele na udi, na hakuna aliyeutazama.

Bei ya kopo la pili ilikatwa katika ujira wa mjomba, wala si wangu. Karo yangu ililipwa yote.

Jana jioni nilipaka mlango wa chumba changu cha kusomea. Nimeandika haya mezani ukumbini nikiungoja ukomae. Watoto wamekatazwa kuukaribia mpaka kesho. Naona mmoja wao ameshaugusa, maana kidole chake ni cheupe.